Picha ya Usingizi wa Mama

Minjila,
14 Januari 2025

Wifi yangu Abdia,

Huku tumeamka salama, mto umeshuka, na watu wameanza kupanda tena kando ya maji. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu si yangu tena. Mama yako akisikia sauti yako tu anaitwaa, na meseji zangu kaka yako Mukhtar huzisoma kwa sauti mbele ya wageni kama matangazo ya vifo redioni. Barua hii nimeikunja ndani ya mfuko wa ubuyu niliokutumia kwa basi. Ubuyu kuleni, wewe na rafiki zako. Barua isome peke yako.

Sasa nisikilize, na usianze kupiga kelele kabla sijamaliza. Mama anasinzia. Si kule kusinzia kwa mtu aliyeshiba, la. Anasinzia akikamua ng'ombe. Anasinzia katikati ya mazungumzo, neno liko mdomoni. Juzi amesinzia kwenye sijda mpaka nikaenda kumtikisa bega, maana nilidhani tumempoteza. Usiku ndiyo balaa. Anakoroma nyumba nzima inasikia, halafu ghafla kimya. Kimya kirefu, wifi, mpaka mimi chumba cha pili naanza kumsomea. Halafu anashtuka na kuvuta pumzi kama mtu aliyetoka kuzama. Asubuhi anaamka kichwa kinamuuma, hana nguvu ya kunyanyua ndoo. Majirani wanasema kapandwa na kitu. Mukhtar anasema ni uzee. Miaka hamsini na sita, uzee gani huo?

Lililonifanya niandike ni hili. Mwanzo wa mwezi nilimwachia Mama mwanangu Mashavu nikaenda kuchota maji. Niliporudi Mama alikuwa kwenye kigoda, amekaa vilevile nilivyomwacha, macho yamefumba, mikono iko wazi mapajani. Mtoto yuko chini, ametambaa mpaka kwenye jiko, na mkono wake umegusa chuma. Alhamdulillahi lilikuwa lengelenge tu na limeshapona. Lakini Abdia, maziwa yalikuwa yanachemka juu ya jiko lile.

Kilio ndicho kilichomzindua Mama. Akauliza, kuna nini? Nikamwambia ni mimi, nilimweka mtoto vibaya, akili yangu ilikuwa mbali. Niliona nikimwambia ukweli hatanyanyua uso tena humu nyumbani. Tangu siku hiyo simwachii mtoto hata nikienda chooni. Natafuta visingizio, mara ana homa, mara anataka kunyonya. Naenda naye kule chekechea ninakofundisha, na mwalimu mkuu ameshaniambia muhula wa pili nisije naye darasani. Mwanamke wa kunilelea mtoto ni mmoja tu ninayemtaka, na huyo simwamini kumpa. Naona aibu hata kuliandika hilo.

Wewe unafanya kazi kwa madaktari wa usingizi. Ulipoajiriwa huko nilidhani unatutania, nikasema hawa Wamombasa sasa mpaka kulala wanafundishwa. Leo nakuomba. Nisaidie nimrudishie mama yako mjukuu wake. Na habari ya jiko Mukhtar haijui, asiijue.

Wifi yako asiye na raha,
Ruwaida

*

Mombasa,
23 Januari 2025

Wifi Ruwaida,

Ubuyu nimeupokea na nimeumaliza. Barua nimeisoma mara mbili, na nitakwambia kweli kama ilivyo. Siku mbili kabla haijafika, Mama alinipigia akilia. Aliniambia, "Mke wa Mukhtar amenifukuza kwa mtoto. Sijui nimemkosea nini." Hata Baba alipofariki sikumsikia akilia hivyo. Kwa hiyo nilipoifungua barua yako nilikuwa tayari nimewaka, na bado sijapoa sawasawa. Kwa nini usikae naye, mkamshika mtoto pamoja? Lakini lile la jiko limenitia baridi mwilini, siwezi kukudanganya.

Basi tusibishane, tupime. Zamani mgonjwa alilazimika kuja kulala hapa kliniki, amebandikwa nyaya mpaka kichwani. Siku hizi kuna kifaa cha kupimia nyumbani, analala kitandani kwake mwenyewe. Nimekiweka kwenye kisanduku cha bluu, kitafika ofisi ya basi Garsen kesho kutwa. Kuna mkanda wa kifuani, mrija mwembamba wa puani, na kibanio cha kidole. Akiwa tayari kulala unamvalisha, unabonyeza kitufe, taa ya kijani inawaka, basi. Asubuhi unavua unanirudishia.

Mweleze vizuri asiogope. Mwambie mashine itatupa picha kamili ya usingizi wake, na Daktari Harith ataiangalia mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Ni mtu makini sana, hakuna kitu kitakachompita.

Na ikionekana Mama hana kitu, utamrudishia mtoto siku hiyohiyo. Tumeelewana?

Abdia

*

Minjila,
6 Februari 2025

Wifi Abdia,

Kisanduku chako hicho kinarudi, hakijakwaruzika. Nilikibeba kutoka Garsen mapajani kama bibi harusi.

Nilidhani Mama atagoma, kumbe wapi! Nilimfikishia maneno yako neno kwa neno, na la Daktari Harith pia. Akauliza, "Huyo daktari ni mwanamume?" Nikasema ndiyo, tena bingwa. Akasema sawa. Kesho yake akaenda kwa jirani, mke wa Dukicha, akapakwa hina mikono na miguu, mpaka kwenye kucha imekolea sana. Akaoga, akajifukiza udi. Nikafurahi, nikasema mama wa watu amepata tumaini. Nilimvalisha mashine, taa ikawaka, akaniambia nitoke nifunge mlango na nisiingie mpaka alfajiri.

Ajabu moja: usiku ule hakukoroma hata kidogo. Labda ni ule mrija. Wewe ndiye unayejua.

Mashavu ameota jino la pili. Nangoja majibu kwa hamu.

Ruwaida

*

Mombasa,
15 Februari 2025

Ruwaida,

Majibu yametoka. Kibanio cha kidole hakikusoma kitu cha maana, na Daktari Harith anasema kwa sababu hiyo ingefaa kipimo kirudiwe. Lakini pumzi zimesomeka vizuri usiku kucha, na hazikukatika hata mara moja. Hata mara moja, wifi. Wala mkoromo haukuonekana.

Sasa niambie nifikirie nini. Uliniandikia mtu anayezama na kuibuka usiku mzima. Mashine imeona mtu anayepumua kama mimi na wewe. Watu wa Kipini mna maneno matamu, nilijua hilo tangu siku ulipokuja kwetu, na Mama alikupenda kwa maneno hayohayo. Kama umechoka kukaa na mama mkwe, sema umechoka. Ni jambo la kawaida, hakuna atakayekuua. Lakini usimfanye mgonjwa mtu mzima, na usimfanye mtoto fimbo ya kumpigia.

Mrudishie mjukuu wake.

Abdia

*

Minjila,
21 Februari 2025

Abdia,

Barua yako nimeisoma nimesimama, na nilibakisha kidogo tu niitie motoni. Fimbo! Mimi namfanya mwanangu fimbo! Nilitaka kukujibu palepale, na maneno niliyokuwa nayo hayakuwa matamu hata chembe. Bahati yako sikuwa na kalamu.

Nikasema potelea mbali. Nikambeba Mashavu nikaenda mpaka kwa Mama nimkabidhi, liwalo na liwe, nikae mimi mlangoni nilinde kama askari. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, "Daktari amesemaje kuhusu gauni?"

Gauni gani, Mama?

Akaniangalia kama mimi ndiye mgonjwa. "Gauni la picha."

Wifi, keti chini ndipo uendelee kusoma. Mama yako hakulala. Usiku ule mzima alikaa kitako, mgongo ukutani, amevaa lile gauni la zambarau la harusi yetu, mtandio kichwani, shanga zote shingoni, na mashine yako juu ya kifua. Anaikodolea macho ile taa ya kijani, maana alijua ndiyo jicho la kamera. Kabla ya hapo alikuwa amemaliza birika la kahawa nzito, na kila usingizi ulipomjia alijifinya paja. Amenionyesha alama. Akaniambia, "Mwanamume nisiyemjua anitazame nimelala, mdomo wazi, miguu huku na huku? Mwanzo mpaka mwisho? Kwa haki gani? Lakini ni binti yangu ameomba, basi nikampa picha ya heshima."

Picha, Abdia! Uliandika picha, nami nikamfikishia picha. Wewe na mimi tulielewa ni maelezo ya madaktari. Yeye kwake picha ni picha, ile unayokwenda kupiga Garsen ukiwa umejipamba. Na ile hina iliyonifurahisha, kumbe nayo ni ya kamera.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikalia, sijui kwa nini. Mama alidhani nalia kwa sababu picha imeharibika, akaanza kunibembeleza. Tukakaa pale chini sote wawili na Mashavu katikati, yeye kashika mkono huu, mimi nimeshika ule. Ulisema tumshike pamoja, ndiyo tukamshika. Haikuchukua muda kichwa cha Mama kikaanza kushuka, na mkono wake ukalegea ndani ya mkono wa mtoto. Sikumwondolea Mashavu. Nilikaa tu nikaangalia kidevu chake kikigusa kifua, na pumzi ikisimama mchana kweupe mbele yangu.

Leta mashine yako tena. Na safari hii chunga maneno.

Ruwaida wa Kipini

*

Mombasa,
27 Februari 2025

Wifi yangu, mama Mashavu,

Nimekosa. Sina namna nyingine ya kuliandika. Nilikuwa na hasira ya mtoto aliye mbali na mama yake, nikaitua kwako wewe uliye karibu naye. Nisamehe, na ukitaka kunitukana nitumie hiyo barua uliyokosa kalamu, nitaisoma yote.

Nilimweleza Daktari Harith. Hakucheka. Alisema kosa ni letu sisi, tunawavalisha watu kamba na taa halafu tunawaeleza kwa mafumbo. Kumbe hata hina ina habari yake. Kibanio hupitisha taa nyekundu kwenye kucha ili kipime hewa iliyo kwenye damu, na hina ikikolea namna hiyo taa haipiti sawasawa. Na kwa kuwa miguu nayo imepakwa, nakutumia kibanio cha sikio. Atoe hereni kwanza.

Sasa mwambie Mama hivi, kwa maneno haya. Mashine ni kipofu. Haina jicho. Inahisi pumzi inavyoingia na kutoka, na moyo unavyopiga, hakuna zaidi. Kinachotoka kwetu ni mistari ya kupanda na kushuka, haina sura wala nguo wala mdomo. Na mistari hiyo nitaifungua mimi mwanawe kabla ya mwanamume yeyote. Avae lile dera lake lililochanika kwapani, alale anavyolala.

Mwezi mtukufu unakaribia. Akiamka kula daku asiivue, ale nayo hivyohivyo, kisha arudi kulala.

Wifi yako aliyetahayari,
Abdia

*

Minjila,
6 Machi 2025

Wifi Abdia,

Ramadhani njema. Kisanduku hicho kinakuja.

Nilipomwambia mashine ni kipofu alinirudishia swali mara tatu: kipofu kabisa? Kipofu kabisa, Mama. Akaupitisha mkono mbele ya ile taa, akaitolea ulimi kuijaribu, akaridhika. Alilala na dera la kwapa.

Na akakoroma! Wallahi sijawahi kufurahia kelele namna ile. Nililala nikimsikiliza na kila mkoromo nasema alhamdulillahi, endelea Mama, mwonyeshe Daktari. Pale palipokuwa kimya ndipo sikuweza kusema kitu.

Nilikusamehe siku ileile niliyocheka. Lakini ile barua ya matusi ningeiandika vizuri sana, umekosa uhondo.

Ruwaida

*

Mombasa,
18 Machi 2025

Ruwaida,

Niliifungua mistari kama nilivyoahidi, mlango wa ofisi nimeufunga. Nimekaa miaka miwili nikiwatazamia watu wengine mistari hiyo, nakunywa chai huku naitazama. Ya mama yangu sikuweza.

Kila saa moja ya usingizi wake, pumzi inakatika zaidi ya mara arobaini. Akilala, koo linalegea na kuziba, hewa haipiti, damu inakosa hewa, mwili unashtuka na kumwamsha bila yeye kujua. Akirudi usingizini, yaleyale. Mama yetu hajalala, wifi. Sijui ni kwa miaka mingapi analala kama mtu anayeitwa mlangoni usiku kucha. Si uvivu, si uzee, wala hakupandwa na kitu. Na Daktari Harith anasema ugonjwa huu ukiachwa hivi, moyo nao utachoka.

Angekuwa na mkwe mwingine tungesema kwamba mzee anapenda kulala, tukaendelea na mambo yetu mpaka siku tuitwe kwenye mazishi. Wewe uliamka ukamsikiliza. Wewe uliniandikia, nami nikakutukana, na bado ukakipangia foleni kisanduku changu pale Garsen. Sina cha kukulipa. Asante, Ruwaida. Nalirudia: asante.

Kuna mashine nyingine nakutumia, hii ni ya tiba. Inapuliza hewa taratibu kupitia kifuniko cha puani, koo lisizibe. Kliniki inamwazima mpaka tuone inavyomfaa, na kila usiku inatunza kumbukumbu tutakazozisoma huku. Najua stima yenu inavyokwenda ikirudi, kwa hiyo Mukhtar atafute betri ya sola iliyo nzuri. Mwambie dada yake ameamuru.

Usimwachie mtoto bado. Nalisema mimi sasa, si wewe. Daktari anataka aone wiki kadhaa za usingizi mzuri kwanza, na hata baada ya hapo asimshike karibu na moto mpaka sote tuwe na hakika.

Na jambo la mwisho, ambalo ni gumu kwako. Mwambie habari ya jiko. Sasa ana sababu ya ugonjwa ya kujisamehe, na anaendelea kukuchukia kwa kosa ambalo si lako. Sipendi hilo.

Wifi yako,
Abdia

*

Minjila,
9 Mei 2025

Abdia binti yangu,

Anayeandika ni Ruwaida. Anayesema ni mimi mama yako, Barwako. Kiswahili changu unakijua, nilikiokota sokoni. Nimemwambia aandike yote, hata nikimsema yeye. (Naandika. R.)

Mashine ya hewa tumezoeana. Usiku wa kwanza niliivua, wa pili nikaivua, wa tatu Ruwaida akalala chumbani kwangu kwenye mkeka. Kila nikiivua ananivalisha, hasemi kitu. Mukhtar aliponiona nayo puani alirudi nyuma, akasema mama yangu amekuwa rubani. Sasa betri anaichaji yeye mwenyewe, akisahau namtuma arudi hata kama ameshafika kwa ng'ombe.

Nalala, Abdia. Nilikuwa nimesahau kulala ni nini. Asubuhi naamka najiuliza, kichwa hiki chepesi ni cha nani? Namkamua ng'ombe mpaka mwisho. Siku za mwisho za mfungo niliswali tarawehe yote. Daktari Harith mwambie samli inakuja, chupa kubwa, na nimemwombea dua tangu mwezi wa mfungo, yeye na watu wote wa hapo kwenu.

Baada ya Idd, Ruwaida aliniambia habari ya jiko. Aliniambia akitazama chini. Nilikasirika siku mbili, sikula chakula chake. Nilimwambia, umenifanya nikuchukie bure. Nilikusema kwa Minjila yote. (Alinisema mpaka kwa mwenye duka. R.) Halafu nikafikiri. Mimi nilimwangusha mtoto wake, yeye akasema kosa ni lake. Mimi namtia ubaya kwa watu, yeye anarudi nyumbani ananipikia uji. Mtu gani anafanya hivyo? Nilikuzaa wewe, na Mukhtar, na huyu sikumzaa, Mungu alinipa tu. Andika hivyo, Ruwaida. Mbona huandiki?

(Ameniambia niandike. Ngoja nifute macho. R.)

Wiki iliyopita wewe ulipiga simu, ukasema daktari amesoma kumbukumbu zote, ameridhika. Shule ilikuwa imeshafunguliwa, mtoto akishinda kwa Pauline muuza chapati. Kesho yake Ruwaida akasimama mlangoni na Mashavu, amevaa nguo za kazi. Niliona anaogopa. Mimi pia niliogopa. Nikamwambia, kama moyo wako haujatulia, nenda naye. Akauzima moto wa jikoni kwa maji mpaka mwisho. Akanipa mtoto. Akaenda. Nikamwona nyuma ya ua, hajaenda, anachungulia. (Si kweli. R.) Ni kweli, andika ni kweli. (Ni kweli. R.) Nikampungia mkono, nenda ukafundishe, watoto wa watu wanakungoja.

Leo ni Ijumaa, amerudi mapema, ndiyo tunaandika. Amenikuta hapa kivulini mwa nyumba. Mashavu alikunywa maziwa, akanivuta pua, akanivuta mtandio, akapiga kelele, akachoka. Yuko mapajani mwangu tangu adhuhuri. Ruwaida alitaka kumchukua akamlaze ndani, nikamwambia mwache.

Anasema karatasi inaisha, niseme neno moja la mwisho. Sina neno kubwa. Mtoto amelala. Mimi niko macho.

Mama yako,
Barwako